YAH: MALALAMIKO KUHUSU RIPOTI YENU YA MTEREMKO NYUMA YA BWENI

Mhandisi Msimamizi wa Ujenzi,
Lushoto, Tanga.
6 Mei 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ushauri wa Kihandisi,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ripoti mliyotukabidhi Novemba inasema mteremko ulio nyuma ya bweni la wasichana una kipimo cha usalama cha 1.48, yaani nguvu zinazoushikilia ni mara 1.48 ya zinazouvuta chini. Tuliwalipa, tukajenga. Masika haya ufa wa mita 20 umefunguka juu ya mteremko na ukuta wa mawe umefura tumbo. Wanafunzi 64 wanalala madarasani.

Kosa liko kwenye mstari mmoja wa modeli yenu ya kompyuta: kina cha maji ya ardhini. Mlichoronga Septemba, kiangazi, mkakuta maji mita 9 chini, mkaifanya namba hiyo kuwa ya mwaka mzima. Programu ilipiga hesabu sahihi ya mteremko mkavu. Wetu si mkavu. Maji yakipanda ndani ya udongo, presha yake hubeba sehemu ya uzito unaozikandamiza chembe, na msuguano unaozishikilia hupungua. Mhandisi Karl Terzaghi alilieleza hilo tangu miaka ya 1920, na hakuna mhandisi wa udongo asiyefundishwa. Nimerudia hesabu kwa njia ya Bishop ya kukokotoa uthabiti wa miteremko, kwa vipimo vyenu vilevile vya mshikamano na msuguano, nikabadilisha kina cha maji tu kuwa mita 1. Nimepata 0.97. Chini ya 1, mteremko haujishikilii.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mzee mwenye shamba la chini aliwaambia vijana wenu, nami nikiwa pale, kwamba kila masika chemchemi hutoka kwenye magimbi yake. Magimbi hayo mliyakanyaga mkipita na mitambo. Katika kurasa zote za ripoti, neno chemchemi halimo. Kule Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la mabaki ya mgodi wa makaa lililorundikwa juu ya chemchemi liliporomokea shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Chemchemi zile zilikuwa kwenye ramani. Yetu ilikuwa mdomoni mwa mzee aliyesimama mbele yenu.

Naomba muifute ripoti hiyo kwa maandishi ndani ya siku 14. Mrudi kwa gharama zenu, mfunge piezometa (vipimo vya presha ya maji ardhini) kileleni, katikati na chini, zisomwe vuli na masika, kisha modeli ifuate mvua inavyoingia siku kwa siku. Mabomba ya kutolea maji tunaanza kuyachimbia sasa. Ankara yake nitawaletea.

Nimezamisha bomba moja la plastiki lenye matundu nyuma ya ukuta. Leo asubuhi maji yalikuwa sentimita 80 kutoka juu. Njooni mpime wenyewe kabla mvua haijakatika.

Wenu,
Mhandisi Msimamizi

Nakala: Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule