Barua kwa mwanangu: hizo isoma nne umezitoa wapi?

Mbukwa mwanangu,

Karatasi zako za moku kondakta kanifikishia. Fizikia safi sana, nimemwonyesha mpaka jirani. Ila kemia, pale kwenye kobalti yenye amonia nne na klorini mbili umechora isoma nne (yaani atomi zilezile zilizopangwa tofauti), we mama wee, nne umezitoa wapi? Ni mbili tu. Umeweka klorini juu na kulia, ukaja kulia na mbele, ukaja mbele na chini ukahesabu tatu, kumbe ni ileile umeigeuza. Zikikaa jirani ni sisi (kama sisi tunaoishi pamoja, kumbuka hivyo), zikitazamana ni transi, basi.

Chukua kiazi uchome njiti sita, juu, chini na pande nne, chomeka zabibu mbichi nne na mbivu mbili. Geuza kwanza! Ukigeuza weee zisifanane na mchoro mwingine ndo uandike isoma mpya. Na tetrahedroni, lile umbo la kona nne, kila kona ni jirani ya mwenzake, hakuna inayotazamana na nyingine, we ukaandika ina sisi na transi. Hapo umeniuma mwalimu mzima.

Ningekuonyesha likizo ya Desemba lakini nilikuwa shamba, na hela ya tuisheni si unajua nguzo za zabibu zilikuwa zimeanguka, haya tuyaache.

Usione nakusumbua. Kobalti hiyohiyo ikiwa transi ni kijani, ikiwa sisi ni zambarau, mwanakemia Werner alikaa na mambo hayo mpaka akapewa Nobel 1913. Na dripu ya shangazi yako ndo sisplatini, dawa ya kansa yenye platini, klorini zake mbili ziko upande mmoja, zikitoka, platini inashika DNA sehemu mbili zilizo jirani, seli ya kansa inashindwa kujigawa. Transplatini ina atomi zilezile na haitibu. We unataka famasi halafu unachora mbiombio hivyo? Geuza kwanza.

Shangazi bado anatapika, wanamjaza maji kwa ajili ya figo, ila juzi kala ugali kwa mlenda akaomba tena. Mbuzi mweupe kazaa pacha. Mama yako katuma blanketi, lifuate stendi Jumamosi kabla saa nne, kondakta hasubiri. Kiazi na njiti nimeweka kwenye mfuko wa karanga, zabibu zingepondeka njiani, we tumia karanga nne zenye ganda na mbili zilizomenywa. Usizile kabla hujamaliza.

Baba