Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: WALIYOTUANDIKIA WATOTO WETU

Ripoti ya mwanao amekuja nayo mwenyewe. Alama, mahudhurio na maoni ya mwalimu wa darasa yamo humo, sina haja ya kuyarudia. Nakuandikia kuhusu mambo ambayo ripoti haina nafasi yake.

Mitihani ilipokwisha, tuliwaomba wanafunzi waandike, bila kutaja majina, wanavyoiona shule, simu, afya zao na maisha yao ya baadaye. Nilitarajia malalamiko ya kazi za nyumbani. Yapo, tena kwa mwandiko nadhifu kuliko ule wa kwenye madaftari. Ila wengi hawaichukii shule. Wanachoogopa ni kunyoosha mkono, wakakosea, wakachekwa. Hilo ni letu walimu, na tumeanza kulifanyia kazi.

Kuhusu akili mnemba, wamesema kweli kuliko nilivyodhani. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoweza kumwandikia mtu, ilipoanza kupatikana mwishoni mwa 2022, tumekuwa tukipokea insha zilizonyooka mno. Ukimwuliza mwenyewe aya ya pili inasema nini, anatazama dari. Baadhi wameandika kwamba jibu la haraka halikai kichwani, na kwenye chumba cha mtihani ndipo wanapoumbuka. Hatupigi marufuku. Kuanzia muhula ujao, mwanafunzi ataeleza kwa mdomo alichokiandika.

Lililonishughulisha zaidi ni usingizi. Wataalamu wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Wakati wa balehe saa ya mwili huchelewa, kwa hiyo anayekawia kulala si lazima awe mkaidi. Usingizi wenyewe umechelewa kumjia. Simu iliyo chini ya mto inazidi kuuchelewesha. Naomba likizo hii simu zilale nje ya vyumba vya kulala, zetu zikiwemo. Kuna watoto walioandika kwamba wanagombezwa kuhusu simu na mtu ambaye macho yake hayajatoka kwenye ya kwake. Sikuwa na la kuwajibu.

Kuhusu kazi za baadaye, walirudia zilezile: udaktari, uhandisi, uanasheria. Si wao peke yao. Ripoti ya 2020 ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ilionyesha kwamba asilimia 47 ya wavulana na 53 ya wasichana wa miaka 15 walitarajia kufanya moja ya kazi 10 tu. Mtoto huchagua kutokana na anazozijua, na wengine huchagua kinachowaridhisha wakubwa. Kwa hiyo, ukiweza, nenda naye kazini kwako siku moja. Mweleze ulivyofika hapo, hata pale ulipobadili njia. Nadhani kwa hili utamsaidia kuliko masomo ya ziada ya likizo nzima.

Mwisho, ukimwona mwanao amejitenga kwa muda mrefu, hapati usingizi, hataki kula, au ameacha kabisa alichokuwa akikipenda, usingoje shule ifunguliwe. Wasiliana na mwalimu wa darasa, na umwone mtaalamu wa afya. Akitamka kwamba amechoka kuishi, tafuta msaada siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Tarehe ya kufungua shule imeandikwa nyuma ya ripoti, pamoja na orodha ya mahitaji.

Wako katika malezi,

Mwalimu Mkuu