Kwa mpwa wangu aliyenunua boti: kamba ya nanga usiibanie

Mpwa wangu,

Hongera kwa boti. Najua sasa hivi mawazo yote yako kwenye injini. Lakini kabla hujampakia mtu yeyote wa nyumbani, jifunze kutia nanga, maana injini ikizimika karibu na mwamba huna breki nyingine.

Nanga haishiki kwa uzito wake tu. Inashika kwa kuvutwa kwa ulalo mpaka ijichimbie mchangani. Kamba ikisimama wima, kila wimbi linaloinua omo, yaani mbele ya boti, linaing'oa. Kwa hiyo toa kamba mara 7 ya kina, ikiwa na kipande cha mnyororo upande wa nanga. Mnyororo mtupu, mara 5. Wengi hukosea hapo kwenye kina, wanapima maji ya saa ile tu. Piga hesabu hivi: maji mita 4, omo iko mita 1 juu yake, na yatajaa mita 3 zaidi. Jumla 8, mara 7 ni mita 56. Aliyezidisha 4 kwa 7 ametoa 28, na maji yakijaa amebaki na mara 3 na nusu. Huyo ndiye nanga yake inakokoteka usiku, watu wamelala. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, uwe mwangalifu zaidi.

Elekeza omo upepo unakotoka, ngoja boti isimame, ndipo ushushe nanga taratibu. Usiirushe; mnyororo utaiangukia na kuizonga. Boti ikirudi nyuma fungulia kamba kidogo kidogo, ifunge, kisha tia injini rivasi polepole. Weka kiganja juu ya kamba. Ikikaza na kutulia, imeshika. Ukisikia mtetemo wa kukwaruza, nanga inaburuta: ipandishe, uanze upya. Majani ya baharini huitelezesha, na matumbawe usiyaguse kabisa, yanavunjika.

Nakuomba sana, nanga usiifunge tezi, yaani nyuma ya boti, hata kwa dakika 5. Huko kuna uzito wa injini na ukingo wa chini. Wimbi likija boti haiinuki, maji yanaingia.

Halafu kagua ncha ya kamba iliyo chini kabisa ya lundo, uone imefungwa kwenye boti. Na ile pingu ya chuma inayounga mnyororo na nanga, kaza pini yake kwa waya. Hulegea kwa kutikisika.

Mjomba wako