Kaya za kipato cha chini zipimiwe mfumuko wao wa bei

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa ya mfumuko wa bei inayotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kila inapotoka, watu huuliza: mbona sokoni hali ni nyingine? Mimi siamini kwamba takwimu zimepikwa. Tatizo ni kapu linalopimwa, yaani orodha ya bidhaa na huduma ambazo bei zake hufuatiliwa.

Fahirisi ya sasa, yaani kipimo cha mabadiliko ya bei za kapu hilo, yenye mwaka wa kizio (wa kulinganishia bei) 2020, ina bidhaa na huduma 383, na mizania yake, yaani uzito unaopewa kila kundi la bidhaa, imetokana na utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18. Humo chakula na vinywaji baridi vimepewa asilimia 28.2 tu. Huo ni wastani wa nchi nzima, na katika wastani wa namna hiyo mwenye matumizi makubwa ndiye mwenye uzito. Jirani yangu hapa Mbagala hununua mafuta ya kula kwa kipimo, unga nusu kilo, nyanya kwa fungu. Fungu bado ni shilingi 500, ila zilizokuwa nyanya tano sasa ni tatu. Kodi ikishalipwa, fedha yake karibu yote huishia jikoni.

Naiomba ofisi hiyo itoe pia, kila mwezi, fahirisi ya kaya za kipato cha chini. Mizania yake inaweza kupatikana katika tafiti hizohizo za matumizi. Na kima cha chini cha mshahara kinapojadiliwa, wahusika waanze na namba hiyo.

Msomaji,
Mbagala, Dar es Salaam