Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale: tuwekee ziara ya wizi wa sanaa, na iwe kwa Kiswahili

Mheshimiwa, shikamoo. Najua hapa Uganda shikamoo haina kazi sana, mtu anasema "jambo mzee" yamekwisha, lakini mama aliyenisababisha kuandika hii barua anatoka Kilifi na akisikia nimeanza bila shikamoo hatanisamehe, kwa hiyo ipokee tu.

Mimi ni dereva. Nina Hiace ya kukodi, nachukua watu Entebbe napeleka Jinja, Fort Portal, popote wanapolipa mafuta. Nimezaliwa kambini Jinja, baba alikuwa mwanajeshi, Mualur wa Nebbi, na Kiswahili changu ni hicho cha kambi, ngeli zikinipiga chenga usinicheke.

Sasa dada yangu ameolewa na Mgiriama huko Kilifi, na Desemba iliyopita alikuja likizo na mama mkwe wake, bibi wa miaka kama sabini na kitu, sote tunamwita Hawe kama wajukuu zake wanavyomwita. Wiki nzima tumemzungusha, chanzo cha Nile ameona, rolex, ile ya mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, amekula akasema ni chapati iliyopotea njia, mwisho nikasema twende makumbusho. Ni makumbusho moja hapa Kampala, jina naliacha maana sina ugomvi nao. Tukalipa, tukapewa kijana wa kututembeza, mpole, anajua kazi yake, ila anaongea Kingereza tupu. Kwa hiyo nikageuka mkalimani, yeye anasema mimi nageuza, kidogo kidogo watu wengine wawili watatu nao wakasogea upande wangu, kuna familia moja ya Goma na vijana wa Mwanza, wote wanasikiliza dereva badala ya mwongozaji!

Tukafika kwenye kiti kimoja cha zamani cha mti. Hawe akasimama. Akainama pole pole na mgongo wake ule, akachungulia CHINI ya kiti kupitia kioo, muda mrefu mpaka kijana akaniangalia kama kuuliza kuna shida gani. Nikamuuliza Hawe unatafuta nini, akasema kwetu ukitaka kujua kitu kimeibiwa unaangalia chini, maana kigango, ile nguzo ya kumkumbuka marehemu, kinasimikwa ardhini na mwizi hana muda wa kuchimba, anakikata tu ama anakivunja. Alafu akauliza swali moja rahisi kabisa, "Na hiki kilifikaje hapa?"

Nikamgeuzia kijana. Kijana akasoma ile karatasi ya pembeni, ilikuwa na jina la kiti, aina ya mti na eneo kilikotoka, basi. Akasema mzee, mimi nimefundishwa haya ya kwenye karatasi. Simlaumu hata kidogo. Lakini Mheshimiwa, lile swali lilitutoa pale na likapanda nasi kwenye gari, njiani nzima Hawe anatuhadithia vigango na mimi nakosea kona.

Kwa wasiojua, kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa ambayo Wamijikenda wa pwani ya Kenya, Wagiriama wakiwemo, wanaisimamisha kwa ajili ya mzee mkubwa aliyefariki, na haitakiwi kuondolewa pale, ikioza inaozea hapo hapo. Vimeibiwa vingi, vikauzwa kwenye maduka ya vinyago ya pwani, vikafika Marekani kwenye majumba ya makumbusho na kwenye sebule za matajiri. Kuna viwili Hawe anavijua habari zake, na usiku nilikaa na simu nikazisoma mwenyewe mpaka bando ikaisha. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango vyake viwili, na muda si mrefu baadaye vikaibiwa. Mwaka 1999 yuko kwenye mkutano huko Marekani, mtu anaonyesha slaidi ukutani, mama akashtuka, kigango kile kile! Kilikuwa kwenye makumbusho huko jimbo la Illinois, na mwenzake akapatikana chuo kikuu cha Hampton. Mwaka 2007 vikarudi Kenya.

Sasa hebu tazama hapo. Kilichorudisha vile vitu si polisi wala si balozi, ni ile PICHA. Ingekuwa si ile picha mpaka leo wangesema nguzo zote za Kiafrika zinafanana.

Na hiyo ndo ziara ninayoiomba. Saa moja tu, mara moja kwa wiki, hata Jumamosi mchana wakati watoto hawana shule, kwa Kiswahili, juu ya wizi wa sanaa na vitu vya kale, duniani na hapa kwetu. Serikali yenyewe mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, sasa kitaanzia wapi kama si mahali ambapo Mkongo, Mtanzania, Mkenya na mtoto wa kambi wanakutana kwenye chumba kimoja?

Mambo ya kusimulia yapo mengi na ni matamu, watu hawatalala. Mona Lisa, ule mchoro maarufu wa mwanamke, iliibiwa makumbusho ya Louvre, Paris, tarehe 21 Agosti 1911, na mwizi, Vincenzo Peruggia, ni fundi aliyewahi kufanya kazi mle mle. Walinzi waliona ukuta uko wazi wakadhani picha imepelekwa kupigwa picha, siku nzima ikapita hakuna anayejua! Jamaa akaificha chumbani kwake miaka miwili, mwaka 1913 akaipeleka Florence kuiuza na kule wakaitambua. Akajitetea ati alikuwa anairudisha nyumbani Italia, kumbe mchoraji mwenyewe ndo aliyekwenda nayo Ufaransa. Ama wale wa Oslo mwaka 1994, walioiba ule mchoro wa Munch wa mtu anayepiga ukelele wakaacha kadi ya kushukuru kwa ulinzi mbovu. Shukrani nzuri hizo. Na Oktoba 2025 Louvre tena, watu wamekuja na lori la ngazi asubuhi wakati makumbusho yamefunguliwa, dakika chache wameondoka na vito vya euro milioni 88, taji moja wakalidondosha wakikimbia.

Lakini kwa upande wangu kikubwa ni British Museum, yale makumbusho makubwa ya London. Mwaka 2023 walitangaza kwamba vitu kama 2,000 vimepotea, vimeibiwa ama vimeharibiwa, mkurugenzi akajiuzulu. Iliwezekanaje? Vingi vilikuwa vitu vidogo vya stoo ambavyo havijaandikwa vizuri kwenye daftari, na kitu ambacho hakipo daftarini kikitoka nani atauliza? Hawa ndo walikuwa wanatuambia sisi Waafrika hatuwezi kutunza. Sisemi sisi tunaweza sana, nasema tu na wao tuwaulize maswali.

Na hapo hapo British Museum ndo kiliko kichwa chetu cha Luzira. Mheshimiwa unakijua, ila watoto wangu hawakukijua mpaka nilipowaambia, na wanapita Luzira kila siku. Kichwa cha udongo, kilichimbuliwa mwaka 1929 kwenye kile kilima cha jela, kikapelekwa London na mpaka leo kiko huko. Mtoto wangu wa pili akauliza, "Kwa hiyo Luzira wanafungwa wezi, na chenyewe kikachukuliwa?" Sikuwa na la kumjibu.

Ziara isiwe ya matusi kwa wazungu lakini, hilo naomba sana. Vitu viliondoka kwa njia nyingi, vingine ni zawadi, vingine vilinunuliwa, vingine vilichukuliwa kwa bunduki, na mtu asimuliwe kila kimoja kwa njia yake. Mabaki ya Kibuuka, yule mungu wa vita wa Baganda, mpaka taya lake, yalichukuliwa na mmisionari John Roscoe mwanzoni mwa karne iliyopita yakakaa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, hadi yaliporudishwa mwaka 1962 tunapata uhuru. Na Juni 2024 hiyo hiyo Cambridge ilituletea vitu 39, mapokezi mazuri, lakini ni MKOPO wa miaka mitatu. Mkopo! Jirani amekaa na sufuria ya mama yako miaka mia, leo anakuazima upikie na anakuandikia tarehe ya kurudisha. Nafurahi vimekuja, kweli, ni bora kuliko kutokuja, ila mwongozaji wa Kiswahili angesema hilo neno mkopo kwa sauti watu wangeelewa haraka sana, huku mtaani mkopo tunaujua.

Kuna wazo moja nimelitoa Boston, Marekani. Mwaka 1990 watu wawili waliovaa kama polisi waliingia usiku makumbusho ya Isabella Stewart Gardner, wakawafunga walinzi, wakaondoka na vitu 13, mpaka leo hakuna hata kimoja kilichorudi na zawadi ya dola milioni 10 bado inasubiri mtu. Na fremu zimebaki ukutani, TUPU. Wageni wanaingia wanaangalia fremu tupu.

Sisi nasi tufanye hivyo. Kiti cha enzi cha Omukama, yaani mfalme, Kabalega wa Bunyoro, kile chenye miguu tisa, kiko Oxford, Uingereza, makumbusho ya Pitt Rivers. Tuwekee jukwaa tupu, na taa juu yake, na picha ndogo ya kiti pembeni, na karatasi inayosema kiko wapi leo. Ziara ifike hapo isimame dakika mbili. Bajeti yake ni mbao na balbu, Mheshimiwa, mimi mwenyewe mbao nitaleta kwa Hiace. Karibu yake wekeni jukwaa lingine tupu la kichwa cha Luzira.

Na mwisho wa ziara, kabla watu hawajatoka, wafundishwe kitu kimoja cha mikono. Kila mtu ana simu. Arudi kwao apige picha ngoma ya babu, kiti, mkuki, kibuyu cha matambiko kama wazee wanaruhusu, mbele, nyuma na CHINI, pale pa Hawe, aweke kitu cha kupimia pembeni hata biki, aandike tarehe na jina la kijiji. Wizara ifungue namba moja ya kupokea hizo picha na mtu mmoja wa kuziandika kwenye daftari. Siku kitu kikitokea kwenye mnada Brussels tuwe na la kuonyesha.

Maana wizi mwingine ni wa kwetu, tusidanganyane. Babu yangu Nebbi alikuwa na adungu kubwa, kile kinubi chetu cha kamba, ngozi yake imekuwa nyeusi kwa moshi wa jikoni, kamba ya mwisho ilikuwa imekatika akaiunga fundo na ukipiga ile kamba inatoa sauti kama mtu mwenye mafua, sisi watoto tulikuwa tunaicheka. Babu alipofariki baba mdogo aliiuza kwa mtu wa vinyago aliyekuwa anapita vijijini na pikapu, shilingi elfu arobaini, tukanunua madaftari. Sijui iko wapi. Nikiiona leo nitaijua kwa lile fundo, ila nani ataniamini, picha yake sina.

Hawe ameshakata tiketi ya basi ya Desemba hii. Ameniambia tukifika atauliza tena swali lake pale pale kwenye kile kiti, na safari hii anataka kujibiwa bila mimi kugeuza.

Wako,
dereva wa Hiace, mtoto wa kambi ya Jinja