Usimngoje akueleze

Mwanangu kipenzi,

Tangu uniambie mpenzi wako ameondoka, swali lako ni lile lile: nimemkosea nini? Jumapili mlikuwa mnapanga maisha, Jumanne hapokei simu, na marafiki zake wote ghafla hawakujui. Una haki ya kuuliza. Ila jibu la kweli hutalipata kwake, na usikae ukilingoja.

Mtu aliyezoea kusujudiwa haondoki kwa sababu ya kosa lako. Huondoka ukishachoka kumsifu, ukianza kumhoji, au akishapata mwingine wa kumsifu upya. Kumbuka alivyokumiminia maneno matamu mwanzoni. Kisha zikaja dharau ndogo ndogo, leo nguo yako, kesho kicheko chako, keshokutwa ndugu zako, na katikati yake siku moja moja za utamu. Hizo siku chache za kubahatisha ndizo zilizokufunga, kwa sababu hukujua lini itakuja nyingine.

Ndiyo maana sasa unamtamani hadi mwili unauma. Mwaka 2010, mtafiti wa Marekani Helen Fisher na wenzake walichapisha utafiti ambamo walipima ubongo wa watu walioachwa karibuni, huku watu hao wakitazama picha za waliowaacha. Sehemu zilizoamka ni pamoja na zile zinazohusika na uraibu wa kokeni. Basi usijione mjinga ukijikuta usiku wa manane unachungulia kama yuko hewani. Lakini kila ukichungulia unaichochea hiyo kiu. Zuia namba yake. Picha, kama huna moyo wa kuzifuta, mpe dada yako akutunzie.

Ile barua ndefu unayomwandikia, imalize, ila usimtumie. Ataisoma akitafuta neno moja la kukugeuzia, na mwisho wewe ndiye utakayeomba radhi.

Huenda akarudi. Hatarudi na msamaha. Atakuja na "nimekuota", kana kwamba hakuna lililotokea, na pengine ni siku ile ile umeanza kupata usingizi. Usijibu, hata kwa matusi, maana hasira yako itamwambia bado ana nafasi. Akianza kukutishia au kukuvizia njiani, hapo tusinyamaze: hifadhi ujumbe wake, niambie, tuende polisi.

Wala usihangaike kumpa jina la ugonjwa. Mwongozo wa madaktari wa akili, DSM-5 wa mwaka 2013, una vigezo 9 vya tatizo la kujikweza kupita kiasi, kwa Kiingereza narcissism, na lazima angalau 5 vitimie. Hiyo kazi waachie wao. Wewe yanakutosha uliyoyaona: ulifika mahali ukipata habari njema unamficha, ukiogopa ataiharibu. Mwanangu, hilo liliniuma kuliko yote uliyonisimulia.

Kula, hata kama chakula hakina ladha. Usingizi ukikataa wiki nzima, au yakikujia mawazo ya kujidhuru, usinifiche hata saa moja. Tutaenda kwa mshauri pamoja, na nitakaa hapo nje mpaka umalize.

Mama yako