Wanangu maanimeta, ikateni hiyo shorili kabla hamjaituma

Wanangu na wadogo zangu mnaotafuta kazi ya animesheni,

Nimekaa miaka mingi upande wa wanaopokea linki zenu na kuzitazama, na nawaambia ukweli, kuna vijana wana mikono mizuri kabisa wanakosa kazi ambayo ingekuwa yao. Siyo kwamba hawajui, ni kwamba kwenye shorili, yaani ile video fupi ya kuombea kazi, wameweka kila kitu walichowahi kufanya tangu siku ya kwanza wafungue programu. Linaniuma sana hili, ndo maana leo naongea na wote kwa pamoja badala ya kumjibu kila mtu inboksi.

Kwanza elewa inavyotazamwa. Studio ikitangaza nafasi moja zinaingia linki nyingi mno, na anayezipitia naye ni mtu wa kazi, ana shoti zake, yaani vipande vya animesheni, zinamsubiri, kwahiyo anatazama haraka haraka, mara nyingi sauti ameizima na mkono uko kwenye mausi tayari kuruka mbele. Sasa wewe umemwekea jina lako linazunguka na kung'aa sekunde nane nzima, hizo sekunde nane umezitupa. Weka jina, kazi unayoomba na barua pepe, sekunde mbili tatu zinatosha, alafu shoti yako kali kuliko zote ianze hapo hapo. Msiseme mnaitunza ya mwisho iwe sapraizi. Tumezoea kusema chema chajiuza, lakini chema ulichokizika kwenye sekunde ya 80 hakijiuzi kwa sababu hakuna aliyefika huko.

Urefu: dakika moja ni nzuri, mbili ndo mwisho kabisa, na kama ndo unaanza hata sekunde 30 zenye shoti tatu safi hakuna atakayekulaumu. Pigeni hesabu wenyewe, kwa fremu 24, yaani picha 24, kila sekunde, hizo 30 ni fremu 720, na mtu akivutiwa na shoti yako atarudi kuipitia fremu moja moja, kwahiyo zote 720 ziwe zinaweza kusimama mbele ya macho yake.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Shoti mbovu moja katikati ya nzuri tano haisamehewi na zile tano. Mnadhani mtazamaji anatoa maksi za wastani, hapana, yeye anajiuliza swali moja tu, huyu kijana aliiona kuwa hii ni mbovu au hakuiona? Kama aliiona akaiweka hivo hivo, ni mzembe. Kama hakuiona, basi kila siku kazini itabidi mtu mwingine amwonee, na hiyo ni gharama. Yaani shorili haioneshi mkono wako tu, inaonesha na jicho lako, na jicho ndo wanalolitafuta zaidi kwa sababu mkono utaendelea kufundishwa ukiwa ndani. Kwahiyo ule mpira wa mazoezi unaodunda, ule mwendo wa kutembea wa mwaka wako wa kwanza, ile shoti uliyoihangaikia miezi na bado haijakaa sawa, toa. Najua inauma kutoa kitu ulichokesha nacho, lakini anayetazama haoni ulivyokesha, anaona kilichopo kwenye skrini basi.

Wanaangalia nini? Uzito, kabla ya kitu chochote. Mhusika anainua boksi zito, nyingi ninazoziona mikono inapanda na boksi linapaa nayo kama halina kitu. Mwili wa mtu haufanyi hivo, lazima nyonga ishuke, uzito uingie juu ya miguu, mgongo uanze kuvuta ndo mikono ifuate, na boksi likishaachana na sakafu mwili mzima urudi nyuma kidogo kutafuta balansi. Simamisha simu ukutani ujirekodi ukiinua kitu kizito kweli, siyo cha kuigiza, alafu tazama nyonga yako tu, achana na mikono. Kosa lingine ni kuiachia kompyuta ijaze katikati ya mapozi mawili, inajaza ulaini ule ule kila mahali, viungo vyote vinaanza pamoja na kufika pamoja, matokeo yake mhusika anaelea kama yuko majini. Ingia kwenye mikunjo ya grafu, ile mistari ya kwenye programu inayoonesha mwendo wa kila kiungo, urekebishe wewe mwenyewe, kiungo kimoja kitangulie, kingine kichelewe fremu mbili tatu. Na miguu isiteleze jamani, mguu ukikanyaga umekanyaga!

Kwenye shoti za kuongea msianze na mdomo, mdomo uwe wa mwisho. Anza na anachowaza mhusika, macho mara nyingi yanatangulia kabla kichwa hakijageuka, na siyo kila neno lipewe ishara ya mkono, mtu anayewaza kwa kweli kuna wakati anatulia tuli na ule utulivu nao ni uigizaji. Kipande cha sauti tafuta ambacho siyo kila mwanafunzi amekitumia, maana mtazamaji akikisikia tu anaanza kukufananisha na wengine wote.

Alafu jiulize unaomba kazi gani hasa. Anayetaka kwenye magemu aoneshe mizunguko ya kutembea na kukimbia inayojirudia bila kuonekana mshono, mashambulizi, kuanguka na kuinuka, vyote vitazamwe pembe tofauti maana mchezaji anaizungusha kamera anavyotaka, na ikiwezekana vikimbie ndani ya injini yenyewe, ile programu inayoendesha gemu, kama Unity au Unreal. Na kumbukeni kwenye gemu mtu akibonyeza kitufe anataka jibu saa hiyo hiyo, kule kujiandaa kabla ya pigo kuwe kufupi kuliko mngefanya kwenye filamu. Wa filamu yeye anatunga kwa ajili ya kamera moja, kwahiyo pozi lisomeke kutoka hapo hapo. Anayetaka wanyama na majitu awe na chenye miguu minne kinachotembea kwa uzito wake. Ukitaka kazi mbili tofauti tengeneza shorili mbili, usimchanganyie mtu mahindi na mtama halafu umwachie yeye kazi ya kuchambua.

Rigi za bure, yaani wahusika waliokwisha kufungiwa mifupa ya kuwachezeshea, tumieni bila aibu, programu ya Blender yenyewe ni ya bure na watu wanapata kazi nayo. Shoti ya kijivu isiyo na rangi wala taa za kupendeza haina kosa lolote kama mwendo uko sawa, ila msikeshe wiki nzima mkihangaikia nywele na mwanga kwenye maombi ya kazi ya uanimeta.

Muziki weka wa chini, usio na maneno ya kugombana na sauti ya mhusika, na msikate shoti kufuata ngoma maana mnaikata kabla mwili haujatulia na ule mtulio ndo tulikuwa tunausubiri.

Chini ya kila shoti andika ulichofanya wewe, kwa mfano mwili na uso ni wako, rigi ya mtu mwingine. Kuchukua shoti ya mwenzio ukaiita yako, hiyo hata nisiielezee sana, wanaopokea linki wanajuana na shoti hizo tunazikumbuka. Kazi ya mteja ambayo haijatoka usiiweke mpaka upate ruhusa ya maandishi, hata ukiifungia kwa nenosiri bado siyo yako kuionesha.

Kabla ya kutuma fungua linki kwenye simu ambayo hujaingia akaunti yako, uone kama inafunguka bila kuomba ruhusa. Vimeo inakuwezesha kubadilisha faili na linki ikabaki ile ile, YouTube ukipandisha upya unapata linki mpya, kwahiyo angalia usije ukaacha ya zamani kwenye sivii yako.

Na ukitaka maoni ya watu usiulize "imekaaje?", watakwambia iko poa tu. Uliza "ungetoa shoti gani?". Wawili wakitaja ile ile, imeshatoka hiyo.

Mlio tayari nitumieni, nitatazama zote hata kama nitachelewa kujibu. Ila kwenye ujumbe uniandikie unaomba kazi gani, na shoti gani ungeitoa kama ungelazimishwa kutoa moja. Nitaanza kuitazama hiyo.

Mzee wenu